Wenge Iliporudi Kuwa Moja

Namuwongo iko bondeni, kusini-mashariki mwa jiji la Kampala. Upande mmoja kinapanda kilima cha Muyenga chenye majumba ya wenye nacho. Upande wa pili inapita reli ya kwenda Port Bell, bandari ya jiji katika Ziwa Viktoria, na karibu na reli hiyo mfereji wa Nakivubo unakokota maji machafu ya mji kuyapeleka kwenye kinamasi. Viwanda viko jirani, na vibarua wake wengi walipanga vyumba hapa kwa sababu waliweza kwenda kazini kwa miguu. Mwaka 1987, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wasio na makazi, serikali ya Uganda ilianza mradi wa kuboresha nyumba za Namuwongo. Lakini watu waliendelea kuja kwa wingi kuliko nyumba zilivyoweza kujengwa. Vita vya kaskazini viliwaleta Waacholi. Vita vya Kongo viliwaleta watu wa Kivu na Ituri.

Historia ninayoisimulia ni ya bendi ya Kinshasa, jiji ambalo wengi wa Namuwongo hawajalikanyaga. Bendi hiyo ni Wenge Musica. Iliunganika kijana kwa kijana katika miaka ya 1980, ikatawala miaka ya 1990, ikavunjika Desemba 1997, na wakuu wake wakasimama tena jukwaa moja tarehe 30 Juni 2022. Wengi wameieleza safari hiyo kutoka Kinshasa, Brussels na Paris. Naieleza kutoka bondeni hapa kwa sababu naamini kuna jambo ambalo wanamuziki wenyewe walishindwa kulifanya kwa karibu robo karne, na wasikilizaji waliotawanyika wakalifanya kwa niaba yao.

Muziki uliotangulia wakimbizi

Sauti ya Kongo ilifika Kampala kabla ya wakimbizi hawa. Katikati ya miaka ya 1970, Idi Amin akiwa madarakani, Samba Mapangala, kijana mzaliwa wa Matadi, alikuwa akipiga muziki Kampala na kundi lake la Les Kinois. Mwaka 1977 kundi hilo lilihamia Nairobi, na mwaka 1981 Mapangala akaanzisha Orchestra Virunga, ambayo Afrika Mashariki nzima iliijua. Kampala nayo haikuwa na uhaba wa wanamuziki wake. Mwaka 1975 Moses Matovu na wenzake waliotoka Cranes Band walianzisha Afrigo, bendi iliyoishi kupitia serikali baada ya serikali bila kuzima. Kwa hiyo masikio ya jiji yalikuwa yamefunzwa: yalijua gitaa la solo linavyoongea, yalijua mahali wimbo unapoacha upole na kuanza kukimbia.

Waganda huuita muziki huo Lingala, hata kama wengi wao hawaifahamu lugha hiyo. Kwa Mkongo wa mashariki hali ilikuwa tofauti kidogo. Nyumbani Goma, Butembo au Bukavu aliongea Kiswahili, na Lingala aliisikia kwa askari na kwenye redio, zaidi katika nyimbo. Alipofika Kampala, Kiswahili chake kilikutana na mji uliokiogopa kwa sababu kilikuwa lugha ya kambi za jeshi. Nyimbo za Lingala, ambazo Mganda naye alizipenda, zikawa mahali pa kwanza ambapo jirani na mgeni walikubaliana jambo.

Vijana wa Bandal

Wenge Musica ilizaliwa mwaka 1981 katika mtaa wa Bandalungwa, ambao wakazi wa Kinshasa huuita Bandal. Mpiga besi Didier Masela alikuwa mmoja wa waanzilishi. Jina walilichukua kwa mti wa wenge, mti wa misitu ya Kongo wenye mbao nyeusi na ngumu. Wengi wao walikuwa bado vijana wa shule. Baadaye walijiunga Jean-Bedel Mpiana, anayejulikana kama JB Mpiana, Noël Ngiama Makanda, ambaye dunia inamwita Werrason, na wengine kama Adolphe Dominguez, Blaise Bula na mpiga gitaa Alain Makaba, aliyekuwa na sikio kali la kupanga ala.

Ili kuelewa kwa nini waliwagusa vijana kiasi kile, inafaa tutazame walichokikuta. Kinshasa ya wakati huo ilikuwa bado chini ya kivuli cha Franco na Tabu Ley, wakuu wenye bendi kubwa na tarumbeta nyingi. Zaiko Langa Langa, iliyoanzishwa Desemba 1969, ilikuwa imekwisha kuasi: ilitupa tarumbeta, ikaweka mbele magitaa na ngoma, ikaongeza kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Zaiko ikaongeza jambo jingine lililobadilisha muziki wote wa Kongo, yaani atalaku, mtu anayesimama na kipaza sauti na kuita dansi, kutaja majina na kuwasha watu wakati magitaa yanapokimbia. Dar es Salaam mtu huyo wanamwita rapa, na bendi kama African Stars, yaani Twanga Pepeta, zilimfanya kuwa nguzo yao.

Vijana wa Wenge waliurithi uasi huo wakauvalisha nguo mpya. Wakongo huwaita kizazi cha nne cha muziki wao. Waliweka waimbaji wengi mbele, wakiwa wamepanga mstari, wakivaa vizuri kwa makusudi, na wakajipachika jina la BCBG, vifupisho vya Kifaransa vya watu wenye mitindo na adabu. Wakaongeza na 4x4, kama gari lisiloogopa barabara yoyote. Wimbo wa Wenge ulianza polepole: sauti zinapokezana, zinapanda pamoja, zinaomboleza penzi. Kisha sebene, sehemu ya kasi ya kucheza, inafunguka. Gitaa la solo linashika kipande kifupi na kukirudia, ngoma zinabadilika, atalaku kama Robert Ekokota na Tutu Caludji wanaanza kuita, na mstari wa waimbaji unageuka kuwa mstari wa wachezaji. Katikati ya miaka ya 1990 dansi ya ndombolo ilipolipuka, Wenge walikuwa miongoni mwa waliofanya bara zima likate viuno.

Albamu zilifuatana: Bouger Bouger mwaka 1988, Kin é Bouge mwaka 1991, Kala-Yi-Boeing mwaka 1993, Pleins Feux mwaka 1996. Tarehe hizo zinaangukia katika miaka migumu sana ya nchi yao. Septemba 1991 na tena Januari 1993 askari wasiolipwa mishahara waliipora Kinshasa, maduka na viwanda vikafungwa, na biashara ya kurekodi muziki ndani ya nchi ikaporomoka. Bendi zilitegemea zaidi studio na wachapishaji wa Paris na Brussels. Kwa hiyo kaseti ya wimbo uliotungwa Bandal ilizunguka Ulaya kwanza, ndipo ikashuka Nairobi, katika maduka ya River Road, na kutoka huko ikafika Kampala, mara nyingi ikiwa imenakiliwa mara kadhaa njiani.

Kampala nayo ilikuwa inafunguka. Mwishoni mwa mwaka 1993 vituo vya kwanza vya redio binafsi, Sanyu FM na Capital FM, vilianza kurusha matangazo, na Radio Uganda haikuwa tena sauti pekee hewani. Katika mitaa kama Namuwongo vibanda vya video, ambavyo Waganda huviita bibanda, vilikuwa ndiyo sinema ya mwananchi: televisheni moja, mabenchi, kiingilio kidogo. Kwa wapenzi wa Lingala, mkanda wa video uliongeza kile ambacho kaseti haikuweza kutoa. Sasa mtu aliona jinsi Werrason anavyosogeza bega na JB anavyotuliza mkono kabla ya kuimba, akatoka nje akajaribu.

Desemba 1997

Kongo ina desturi ambayo wageni huiona ya ajabu. Mwanamuziki anaweza kutoa albamu yenye jina lake peke yake, huku bendi nzima ikimpigia na kumwimbia nyuma. Ni njia ya kumpa kila mmoja zamu ya kung'ara bila kuvunja nyumba. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya JB Mpiana, na albamu yake, Feux de l'amour, ilifanikiwa mno. Mafanikio hayo yalileta swali ambalo bendi haikuwa na jibu lake: nani sasa ndiye mkuu? Kundi lililokuwa limeishi kwa kugawana mbele ya jukwaa lilijikuta na mtu mmoja anayeitwa nyota kuliko wenzake, na wenzake nao walikuwa nyota.

Desemba mwaka huo nyumba ilivunjika. Werrason, Adolphe Dominguez na Didier Masela waliondoka wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère. JB Mpiana alibaki na upande mwingine, Wenge BCBG. Mwaka 1998 kila upande ulitoa albamu yake, Force d'intervention rapide kwa Maison Mère na Titanic kwa BCBG. Mwaka 1999 Werrason na wenzake walijibu tena kwa Solola Bien. Ushindani ulizaa muziki mzuri, hilo halina ubishi. Werrason alipiga katika ukumbi wa Bercy mjini Paris mwaka 2000, na JB akafika hapo mwaka uliofuata. Lakini vijana wa Kinshasa walilazimika kuchagua, mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, na ubishi huo ukavuka mipaka pamoja na kanda. Nyumba hizo mbili nazo hazikukaa salama. Dominguez aliondoka kuanzisha Wenge Tonya Tonya, na baadaye vijana waliolelewa Maison Mère, kama Ferré Gola, wakashika njia zao.

Nataka msomaji aziweke tarehe hizi karibu na tarehe nyingine. Mei 1997 Rais Mobutu wa Kongo alianguka baada ya vita vilivyoanzia mashariki Oktoba 1996, vikiungwa mkono na Rwanda na Uganda. Desemba 1997 Wenge ilivunjika. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na kwa miaka iliyofuata Kongo ilikatwa vipande: Kinshasa na magharibi chini ya Laurent Kabila, kisha mwanawe Joseph, mashariki chini ya makundi ya waasi na majeshi ya majirani, jeshi la Uganda likiwa mojawapo. Mwaka 1999 na tena mwaka 2000 Uganda na Rwanda zilipigana zenyewe kwa zenyewe ndani ya Kisangani, na raia wa mji huo wakalipa kwa damu.

Siasa haikuivunja Wenge. Sababu za mgawanyiko zilikuwa za ndani ya bendi. Lakini kwa aliyeishi wakati huo, mambo hayo mawili yalikuja pamoja na yakabaki pamoja katika kumbukumbu. Nchi ilipata serikali ya pamoja ya mpito mwaka 2003. Bendi ilichelewa zaidi.

Wenge ya waliotawanyika

Barabara za wakimbizi kuja Kampala zinajulikana. Wa Kivu Kaskazini hupitia Bunagana na kushukia Kisoro, au Kasindi na Mpondwe hadi Kasese. Wa Ituri hupitia Ziwa Albert au Arua. Uganda, tofauti na nchi nyingi, inamruhusu mkimbizi kuishi mjini, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimpa haki ya kwenda atakako na kufanya kazi. Anayechagua mji, hata hivyo, hujitegemea kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo Wakongo waliingia katika mitaa yenye kodi nafuu: Katwe, Nsambya, Makindye, Namuwongo. Wanawake walitembeza vitenge na vidani mlango kwa mlango, wanaume walishona nguo, walinyoa, walibeba mizigo. Mwaka 2007 vijana wa Kikongo waliokimbilia Kampala walianzisha shirika la YARID. Lilianza na mpira wa miguu, kisha madarasa ya Kiingereza, kwa sababu bila lugha mtu hawezi hata kueleza maumivu yake hospitalini.

Katika maisha ya namna hiyo watu hawabebi vitu vingi. Wanabeba nyimbo. Na hapa ndipo historia ya Wenge inapopata sura ambayo haimo Kinshasa. Aliyekaa Kinshasa aliendelea kuishi na mgawanyiko: kila albamu mpya ilikuwa ya upande mmoja dhidi ya mwingine. Aliyekimbia Goma mwaka 1996 au 1997 alitoka na bendi moja. Wenge yake ilikuwa Kala-Yi-Boeing na Pleins Feux, sauti zote zikiwa ndani ya kanda moja, JB na Werrason wakipokezana bila kujua kwamba watanuniana. Mtu huyo aliponunua baadaye Titanic na Solola Bien, alizipanga juu ya rafu ileile. Kwake ushindani wa kambi mbili ulikuwa habari ya mbali. Kanda za kabla ya Desemba 1997 zilikuwa nyumbani.

Wakimbizi hawakupatanisha mtu. Lakini bendi iliyovunjika huishi mahali pawili: katika watu waliokuwa wakiipiga, na katika watu wanaoendelea kuipiga kwenye redio zao. Mahali pa kwanza palipovunjika, mahali pa pili palibaki pazima. Kwenye arusi, kwenye matanga, kwenye saluni za Kikongo, nyimbo za pamoja ziliendelea kuchezwa, na watoto waliozaliwa Kampala wakazijua kabla ya kujua kwamba waimbaji wake hawasalimiani.

Kwa wanamuziki wenyewe miaka hiyo ilikuwa na uchungu wake. Kuanzia karibu mwaka 2011 wanaharakati wa Kikongo wa Ulaya, wanaojiita combattants, walizuia matamasha ya nyota waliodhaniwa kuiunga mkono serikali ya Joseph Kabila, na kumbi za Paris na Brussels zikafungwa kwa wengi wao. Na wakubwa walikuwa wanaondoka. Tabu Ley alifariki mwaka 2013, King Kester Emeneya mwaka 2014. Aprili 2016 Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na hakuinuka. Kila msiba uliwakumbusha waliobaki kwamba kuna upatanisho usioweza kufanywa baada ya mazishi. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Nchi mbili zilikuwa zimeweza kusaini karatasi moja kwa ajili ya muziki, wakati bendi kubwa ya miaka ya 1990 ilikuwa bado imegawanyika.

Juni na Julai 2022

Majira ya katikati ya mwaka 2022 yalikuwa mazito kwa Wakongo wa Uganda. Aprili 8 nchi yao ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Juni 13 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bunagana, mpakani kabisa na Uganda, na maelfu wakavuka kwenda Kisoro kwa barabara ileile ambayo wenzao waliishika miaka ishirini na zaidi kabla ya hapo. Juni 20 Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba, sehemu pekee ya mwili wake iliyosalia, na Juni 30, sikukuu ya uhuru, likazikwa kwa heshima za taifa mtaa wa Limete mjini Kinshasa.

Siku hiyohiyo ya Juni 30, katika Uwanja wa Stade des Martyrs, unaobeba watu wapatao 80,000, Wenge Musica ilirudi kuwa moja. JB Mpiana na Werrason walisimama jukwaa moja pamoja na wenzao wa zamani. Uwanja huo unaitwa kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne walionyongwa hadharani na utawala wa Mobutu Juni 1966. Nchi ilikuwa inazika na kucheza katika siku moja, na sidhani kuna Mkongo aliyeona kasoro yoyote katika hilo.

Swali la maana zaidi kuliko nani alisimama wapi ni hili: wangeimba nini? Kwa robo karne JB na Werrason walikuwa wametunga nyimbo nyingi, lakini kila mmoja upande wake. Mali yao ya pamoja ilikuwa ile ya kabla ya Desemba 1997. Ili wawe Wenge tena, iliwabidi warudi kwenye nyimbo ambazo wasikilizaji waliotawanyika hawakuwahi kuziacha. Uwanja ulizijua, na waliotazama kwa simu Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Brussels walizijua. Hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Tamasha halikuhitaji pasi wala kibali cha mkimbizi ili lifike Namuwongo. Vipande vyake vilisambaa mitandaoni, na vikaangukia katika mtaa wenye watu waliofika kwa vita vya 1996, vya 1998 na vya baadaye. Sauti za waimbaji zilikuwa nzito kuliko zamani, na miili haikuwa ile ya miaka ya 1990. Kwa msikilizaji wa umri wao huo haukuwa upungufu. Naye alikuwa ametoka mbali.

Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Julai, baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe shuleni. Julai 11 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya. Lugha ambayo mgeni wa Kivu aliiongea kwa sauti ya chini alipofika Kampala ilipewa hadhi, na nchi yake ikawa ndani ya jumuiya moja na nchi iliyompokea. Maamuzi hayo yalifanywa na wakubwa. Majirani waliokuwa wakicheza sebene moja bondeni walikuwa wameanza kazi hiyo zamani.

Kile kinachostahili kuandikwa

Mwaka 2022 Uganda ilihifadhi wakimbizi takribani milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika, na zaidi ya 100,000 kati yao waliishi Kampala. Tunawahesabu kwa mahema, kwa vocha za chakula, kwa vitambulisho. Ni hesabu muhimu. Lakini historia ya Wenge inaonyesha kwamba wamekuwa pia watunzaji wa urithi, bila jengo na bila mshahara. Rumba iliandikwa UNESCO kwa jina la Kinshasa na Brazzaville, na ni haki. Uhai wake wakati wa vita, hata hivyo, uliendelezwa pia Namuwongo, Nsambya na Katwe, na katika mitaa ya namna hiyo Nairobi na Dar es Salaam.

Mtaa huu haujui kesho yake. Julai 2014 vibanda na nyumba zilizokuwa kando ya reli vilibomolewa, na familia nyingi zikaanza upya. Kaseti hazivumilii mvua, na wenye kumbukumbu za miaka ya 1990 wanazeeka. Chuo Kikuu cha Makerere hakiko mbali na Namuwongo, na kina wanafunzi wa historia na wa muziki. Waje na vinasa sauti vyao, wakae na wazee hawa, wawaulize kwa Kiswahili: kanda uliipata wapi, uliicheza na nani, na kwa nini hukuitupa hata baada ya wenyewe kugombana? Majibu ya maswali hayo ni sehemu ya historia ya Wenge Musica, na bila hayo tutabaki na nusu ya habari tukidhani tunayo yote.